Bakuli Limekufa

Mazishi yalipangwa saa kumi jioni, na sasa ilikuwa saa tatu asubuhi. Inspekta alikuwa na saa saba za kujua kama kijana aliyekuwa mahabusu atashika jeneza la baba yake, au atahadithiwa mazishi na mlinzi wa zamu. Wakubwa walishaamua: Jumatatu afikishwe kwa hakimu, shitaka la mauaji. Faili lilikuwa nene, na aliyelinenepesha ni Koplo, mtu wa tumbo kubwa na mwandiko mzuri, ambaye wakati huo alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana akijipepea kwa kofia.

"Afande, hapa tulishapekua juzi," alisema. "Tulipekua mpaka ndani ya viatu vya marehemu."

"Mlikuwa mnatafuta nini?"

"Silaha."

"Mimi natafuta kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Nikikijua nitakuwa nimeshakipata," alisema Inspekta, akaingia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mvi za mapema na miwani ya kufungwa kwa kamba. Kituoni walimwita Bibi Kwanini nyuma ya mgongo wake. Alilijua jina hilo, na kusema kweli hakulichukia.

Harufu ilimpokea kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa ya mkafuri, mti ambao ukiutia msumeno tu hewa yote hupoa puani, na ilikuwa imeingia ukutani, mezani, na katika koti la kazi lililoning'inia msumarini. Marehemu alikuwa mkereza. Kwa miaka arobaini alifunga vipande vya mti kwenye mashine, vikazunguka, akavishikia patasi, vikageuka mabakuli na visahani. Alipenda kuliko yote manundu, yale mauvimbe yanayoota kwenye shina la mti mzee, ambayo ukiyapasua unakuta ndani yake macho na mawimbi asiyoyaweza mchoraji yeyote. Kwa ajili hiyo mtaa mzima ulimwita Mzee Nundu.

Alhamisi alasiri alikutwa chali mbele ya mashine yake. Jeraha moja lilikuwa juu ya jicho la kushoto, limepinda mfano wa mwezi mchanga, na ndani yake daktari alitoa vibanzi vyembamba vya mti. La pili lilikuwa kisogoni, na hilo ndilo lililomwua. Karibu na kichwa palikuwa na mguu wa chuma wa meza, wenye damu. Bakuli kubwa la nundu ya mkafuri, alilokuwa akilishughulikia kwa mwaka mzima, halikuonekana popote.

"Mtoto kampiga nalo usoni, mzee kaanguka, mtoto kakimbia nalo," alisema Koplo. "Asubuhi yake waligombana, mtaa mzima ulisikia. Na lile neno, Afande. Lile neno ndilo linalommaliza."

"Nataka kulisikia kwa aliyelisikia."

Aliyelisikia alikuwa fundi makochi wa chumba cha pili, aliyetenganishwa na karakana kwa ukuta wa mbao tu. Watu walimwita Redio, kwa kuwa alitangaza kutwa nzima na hakuhitaji betri. Walimkuta amepiga magoti mbele ya kiti kisicho na nguo, misumari midogo mdomoni, na hata hivyo alikuwa anaongea.

"Saa nane na nusu," alisema, akiitema misumari kiganjani. "Nipo hapahapa. Kijana kapita uchochoroni hapo nje, simu sikioni. Namnukuu, Inspekta, sipunguzi wala siongezi. Kasema: 'Limekufa. Naam, limekufa, nimehakikisha mwenyewe.'"

"Na wewe ulifikiri anasema nini?"

"Nilifikiri mnyama. Nikasema labda mbwa wa mtu. Lakini hata mbwa tunasema amekufa, si ndivyo? Paka amekufa. Kuku amekufa. Sasa wewe baba yako mzazi, aliyekulisha, aliyekusomesha, unasema limekufa, kama unasema lijitu, kama unasema lizee! Saa tisa na nusu binti yake mzee kapiga yowe, ndipo nikaelewa. Mwili wote ukanisisimka."

Inspekta aliandika. Alipenda mashahidi wa aina hii, kwa sababu mtu anayesema mengi hawezi kuchagua asichotaka kusema.

"Wakati anapita na simu, mashine ya mzee ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inanguruma. Kutwa inanguruma, ukuta huu unatetemeka mpaka misumari inatembea mezani yenyewe."

"Ilinyamaza saa ngapi?"

"Saa tisa juu ya alama. Najua kwa sababu taarifa ya habari ndiyo ilikuwa inaanza, nikasema afadhali, leo nitaisikia."

"Na yowe ni saa tisa na nusu. Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha?"

"Imekwisha, na michezo imekwisha." Redio aliinama akashusha sauti, jambo alilolifanya mara chache. "Na nikwambie lingine. Ile jioni, mwili umepelekwa mochwari, kijana mmeshamkamata, watu tumekaa msibani hapo nje tunalia. Mara harufu! Nzuri, ya kafuri, imejaa mtaa mzima. Watu wamefiwa wanafukiza nyumba kama wanangoja maharusi! Haikudumu, dakika tano tu, ikakatika. Lakini mimi pua yangu haisahau."

Koplo alitikisa kichwa kwa masikitiko. Inspekta alipiga mstari chini ya maneno "dakika tano", akashukuru, akatoka.

Saa tano kasoro alikuwa kituoni. Kijana aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda na bila kamba za viatu. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu, mtu wa miaka thelathini na mitano, mwenye mikono safi. Yeye ndiye aliyekutana na wateja na kupeleka mizigo, hakuwahi kuiweza mashine. Macho yake yalikuwa mekundu, na shati lilikuwa lilelile la Alhamisi.

"Saa nane na nusu ulisema limekufa," Inspekta alianza. "Nani?"

"Siyo nani. Bakuli." Alisema kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kulisema mara ishirini. "Nimewaambia hawa. Wakacheka. Huyu Koplo wako akaniuliza, bakuli limekufa, na sufuria je, inaendeleaje?"

Koplo alitazama dari.

"Nieleze mimi, ambaye sijacheka."

"Mti mbichi una maji. Mzee hulikereza bakuli nusu, nene, halafu analifukia kwenye gunia la maranda yake mwenyewe likauke taratibu. Kila Ijumaa analitoa, analipima mzanini, anaandika uzito kitakoni. Kila wiki unapungua. Siku uzito ukiacha kupungua, basi mti umetulia, hautapinda tena, hautapasuka. Sisi tunasema limekufa. Ndiyo siku ya kulifurahia, Inspekta. Nilikuwa namfurahisha mteja."

"Mteja nani?"

"Mwalimu mstaafu. Nundu ni ya mkafuri alioupanda marehemu mkewe. Mti uliangushwa na upepo, mwalimu akaja na nundu kwenye toroli, akasema nifanyieni kitu nitakachoweza kukishika. Kesho anahamia kwa mwanawe, mbali. Kangoja mwaka mzima. Ndiyo sababu nikambana Mzee."

"Kwa nini alihitaji kubanwa?"

"Hata mimi sijui. Wiki tatu nzima namuuliza, ananijibu bado. Mzee hakuwa mtu wa kuzungusha watu. Alhamisi asubuhi nikalichukua nikalipima mwenyewe. Gramu elfu mbili mia tano tisini na sita, vilevile kama Ijumaa tatu zilizopita. Nikamwambia, Mzee, limekufa hili, unangoja nini? Akasema bado. Bado nini? Akanyamaza. Nikapandisha sauti. Nikamwambia..." Alisimama hapo. "Nikamwambia basi utazikwa nalo. Ndivyo nilivyomwambia baba yangu. Akanitazama, akasema haya, nitalimaliza leo. Sikumsikia tena."

"Saa tisa ulikuwa wapi?"

"Ofisi ya vifurushi. Risiti wamenichukulia."

Risiti ilikuwamo kwenye faili, imegongwa mhuri saa tisa na dakika tano, katika ofisi iliyo mwendo wa nusu saa kwa miguu. Koplo hakuiona kuwa na maana, kwa kuwa mtu anaweza kuua saa nane na kutuma kifurushi saa tisa.

"Nitamzika?" kijana aliuliza alipokuwa anainuliwa.

"Sina ahadi mfukoni," alijibu Inspekta. "Ninazo saa tano."

Walirudi karakana. Inspekta hakuuliza mtu kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya ukutani, akateremsha bakuli la kwanza, akaligeuza. Kitakoni palikuwa na safu ya tarakimu za penseli, moja chini ya nyingine, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka mbili za mwisho zilizofanana. Chini yake, kwa mwandiko uleule wa kizee, lilikuwapo neno moja: *limekufa*.

Aligeuza la pili. *Limekufa*. La tatu, la nne, la saba. Mabakuli saba, na yote yalikuwa yamekufa kifo chema.

"Koplo," alisema bila kugeuka, "sufuria inaendeleaje?"

Koplo alivua kofia, akaivaa tena. Kwa haki yake, hakubisha. Alitoka uani, akampigia mwalimu mstaafu, akarudi akisema kwamba ni kweli, aliambiwa limekufa na akafurahi, na kwamba alipopewa habari za msiba alilia kwenye simu mpaka mjukuu akaipokea.

"Kwa hiyo neno limeanguka," alisema Inspekta. "Tutazame mashine."

Mashine ilikuwa ya zamani, ya chuma kizito, ikiendeshwa kwa mkanda wa mpira uliohamishwa kati ya puli tatu, magurudumu ya chuma yenye ukubwa tofauti. Mkanda ukiwa kwenye puli ya kwanza mti huzunguka polepole. Kwenye ya tatu huzunguka kwa kasi. Juu ya swichi mzee alikuwa amepigilia ubao, akaandika kwa rangi nyeupe:

Bichi, puli ya kwanza.
Kavu, ya pili.
Msasa, ya tatu.
Lenye ufa, usilikereze.

"Bakuli lilikuwa limekauka," alisema Inspekta. "Mkanda ungepaswa kuwa wapi?"

Koplo alisoma ubao. "Ya pili."

"Uko wapi?"

Koplo aliinama, tumbo likamzuia, akainama kwa upande. "Ya kwanza."

"Mtu wa miaka arobaini kazini, kijana amemkasirisha, mteja anangoja, na bado anakwenda mwendo wa kinyonga. Kwa nini?"

"Alikuwa anaogopa kitu."

"Nami naona hivyo. Alilijua lile bakuli kuwa lina ubaya." Alionyesha ngao ya uso, kile kioo cha plastiki cha kujikinga, iliyoning'inia pembeni ikiwa na vumbi jeupe la miezi. "Akaogopa nusu nusu, kama sisi sote. Akapunguza mwendo, hakuvaa ngao. Hakuna aliyempiga, Koplo. Bakuli lilipasuka likizunguka, kipande kikamjia usoni, ukingo wa bakuli ndio umemwachia ule mwezi juu ya jicho. Akaenda kinyumenyume, kisogo kikakuta chuma. Na mashine ikaendelea kuzunguka na kitako kilichobaki mpaka saa tisa juu ya alama, mtu mwingine alipoingia akaizima."

"Kijana alikuwa ofisi ya vifurushi."

"Saa tisa alikuwa huko. Nani aliyesema aliikuta mashine imezimwa?"

Koplo hakuhitaji kufungua faili. Alikuwa ameyaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri. Maelezo ya binti: nilimpelekea Baba chai, nikamkuta chini, mashine imezimwa, nikapiga yowe.

"Nusu saa," alisema Koplo polepole. "Kutoka mashine kunyamaza mpaka yowe. Alikuwa anafanya nini nusu saa, baba yake yuko sakafuni?"

"Alikuwa anaokota," alisema Inspekta. "Wewe baki hapa. Nikikuita uje na simu."

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana, kwa kuvuka ua. Nje wanawake walikuwa wanapanga viti vya kukodi kwa ajili ya mazishi. Binti alikuwa jikoni peke yake, akiosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Alikuwa kitinda mimba, miaka ishirini na sita; kazi yake karakana ilikuwa msasa na mafuta, ile ya mwisho inayoutoa mti uso wake, na ncha za vidole vyake zilikuwa nyororo kama za mtoto. Alipomwona Inspekta alisimama wima, kitambaa mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba."

"Asante. Kaka yangu watamwachia?"

"Ndilo nililojia." Inspekta alivuta kigoda akaketi karibu na jiko la mkaa. Alichukua kijiti, akachokoa majivu bila haraka. Chini kabisa kulikuwa na kipande cheusi ukubwa wa kidole gumba. Alikiinua puani. Baada ya siku mbili na moto juu yake, bado kilikuwa kinanukia.

"Ulichoma kimoja tu," alisema. "Ukaona mtaa mzima unanusa, ukamwagia maji. Vingine viko wapi?"

Kitambaa kilimponyoka binti mkononi.

"Sijaja kukutega. Najua hujampiga baba yako. Najua hakuna aliyempiga. Lakini kaka yako yuko ndani kwa sababu ya bakuli lisiloonekana, na saa kumi baba yenu anazikwa. Viko wapi?"

Alikwenda chumbani. Alirudi na sanduku dogo la nguo, akalifungua sakafuni. Chini ya kanga iliyokunjwa kulikuwa na vipande vitano vya mkafuri, vyekundu kwa kahawia, vyenye macho madogo madogo yaliyosongamana mithili ya povu, na harufu ikajaa jikoni. Kimoja kilikuwa na kona iliyokauka damu. Kimoja kilikuwa kitako.

Inspekta alivaa glavu. Aliviunganisha sakafuni, kimoja kwa kimoja, mpaka karibu bakuli zima likarudi. Kwenye mstari mmoja mrefu, kutoka ukingoni hadi karibu na kitako, mti haukuvunjika kwa meno meno kama kwingine. Ulikuwa laini, unang'aa, na rangi yake ilikuwa nyeusi kidogo.

"Gundi," alisema.

"Gundi na unga wa mti wenyewe." Sauti ya binti ilitoka kwa shida. "Ndivyo tunavyoziba. Ukipiga msasa juu yake hakuna jicho litakaloona. Mwezi uliopita mvua ilivuja pale rafuni, nikawa nahamisha magunia. Likaniponyoka. Ufa mwembamba, Inspekta, mwembamba kuliko unywele. Kama ungekuwa mti mwingine ningemwambia saa ileile, tungecheka, angeniita mikono siagi. Lakini ule wa mwalimu hauna mwingine. Baba alishampa neno lake. Nikasema nitalitengeneza, akishalimaliza litakuwa zima, hakuna atakayejua."

"Na ubao ule juu ya mashine?"

"Ninaujua tangu sijui kusoma." Alianza kulia, kwa kelele, bila kujifunika uso. "Nilikuwa nitamwambia. Kila siku nilikuwa nitamwambia. Alhamisi sikujua kwamba ameliweka mashineni, nilikuwa sokoni. Narudi, nampelekea chai, nasikia mashine inalia vibaya. Naingia, kitako kinazunguka peke yake. Nikaizima. Nikamshika, ameshapoa. Nikaona gundi yangu pale sakafuni. Inspekta, nilikaa naye nusu saa naokota na kumwomba radhi, naokota na kumwomba radhi. Hata mlipomchukua Kaka, mdomo haukufunguka. Nilisema watamwachia, hana kosa, watamwachia tu."

Inspekta alimwacha alie. Hakukuwa na la kufanya mbele ya kilio kile. Alichukua kitako, akakigeuza ili asome zile tarakimu kwa ajili ya maelezo ya kiofisi.

"Hiki hukukichoma."

"Kina mwandiko wake."

Tarakimu za mwisho zilishuka vizuri: elfu mbili mia tisa na kumi, mia saba na arobaini, mia sita hamsini na tano, mia sita na kumi, mia tano na tisini. Halafu, mia tano tisini na sita. Inspekta alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Bakuli linalokauka linaweza kuongezeka uzito?"

"Hapana. Linapungua, au linatulia."

"Hapa limeongezeka gramu sita."

Binti alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasogea, akatazama. Inspekta aliona namna rangi ilivyomtoka usoni. Gundi ina uzito wake, na unga una uzito wake, na mtu aliyekulia kwenye mzani ule alikuwa amesahau mzani.

"Na neno hili," aliuliza Inspekta. Aliuliza kwa sababu ndiyo kazi yake, na swali lilikuwa limeshatoka mdomoni alipotambua kwamba ilikuwa afadhali asiulize. "Mabakuli mengine saba hayana neno hili. Hapa ameliandika Ijumaa tatu mfululizo, na uzito haukubadilika hata chembe. *Bado*. *Bado*. *Bado*. Lilikuwa limekwisha kufa. Bado nini?"

Nje mwanamke mmoja alihesabu viti kwa sauti.

"Nilimwona akiandika," alisema binti hatimaye. "Nilidhani anasema halijakauka. Kila Ijumaa nilimpelekea chai, nikasimama pale, nikamwuliza, Baba, vipi hilo? Ananitazama. Ananitazama kwa muda, Inspekta, mpaka nageuza macho. Halafu anasema, bado, mwanangu." Aliketi sakafuni palepale, kando ya vipande. "Nami nashukuru. Nachukua kikombe naondoka, nashukuru kwamba bado."

Inspekta hakumwambia kwamba alikuwa anangojewa. Hakukuwa na haja tena ya kumwambia. Mzee alijua tangu gramu sita za kwanza, akakataa kumwaibisha, akangoja aseme mwenyewe. Na mwanawe mwingine alipomkasirikia kwa kungoja, akashusha mkanda kwenye puli ya kwanza akavunja sheria yake aliyoiandika kwa mkono wake. Hayo hayakuwa na mahali katika fomu ya polisi.

Alikwenda mlangoni akamwita Koplo. "Piga simu kituoni. Kijana atolewe sasa hivi, aletwe kwa gari letu. Mwambie mkubwa hakuna mauaji. Maelezo nitayaleta mwenyewe."

"Na huyu?"

"Huyu atazika baba yake kwanza. Jumatatu atakuja kuandika kwamba alificha vipande na alisema uongo. Mengine wakubwa wataamua wenyewe, lakini nitakuwepo."

Alirudi ndani, akaanza kuvitia vipande kwenye mfuko wa ushahidi. "Kaka yako hajui lolote kuhusu gundi," alisema. "Anaamini baba yake alikufa kwa sababu alimfokea. Ukitaka, mimi nitamweleza. Ni kazi yangu, nimeizoea."

Binti alitikisa kichwa. Aliosha uso kwenye beseni, akajifunga kitambaa cha kichwa upya, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa ua.

Gari lilifika saa tisa kasoro robo. Wanawake waliacha viti, mmoja akapiga vigelegele kisha akakumbuka ni msiba akanyamaza. Kijana alishuka akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda alikuwa hajarudishiwa, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta pa kuomba msamaha. Alimwona dada yake, akaanza kuvuka ua kwa haraka, mkono mwingine ameshaunyoosha.

Binti alisimama. Inspekta, dirishani, aliona midomo yake ikifunguka kabla kaka yake hajafika nusu ya ua, mbele ya wanawake wote.

"Kaka," alisema, "ni mimi."